Adui akiwa mwanamke kwenye hadithi, kwa nini lazima apewe kidonda cha kumtetea?

#1 Mleta mada

Wadau, kuna kitu kinanikera siku nyingi kwenye riwaya na muvi, leo nakileta hapa tukijadili kwa kirefu. Ni kuhusu maadui wa kike. Sio wale wanaotokea sini mbili wakapigwa wakapotea, naongelea adui mkuu mwenyewe, yule ambaye ukimtoa hadithi yote inaanguka. Natahadharisha mapema kwamba nitataja miisho, kwa hiyo kama kuna kitu hujakiona na unataka kukikuta kikiwa kipya, ruka hapo.

Hoja yangu ni hivi. Adui wa kiume anaruhusiwa kutaka tu. Anataka kiti cha ufalme, anataka hela, anataka watu wamuogope, basi, tunakaa tunaangalia atafika wapi. Mwanamke akitaka vitu hivyohivyo mwandishi anaanza kuhangaika, anamtafutia sababu, na sababu zenyewe zinajirudia mpaka unazijua kabla hazijasemwa: kuna mwanaume alimtenda, au kuna mtoto alimpoteza, au utotoni alionewa. Halafu ikifika katikati ya hadithi tunaombwa tumuonee huruma, na ikifika mwisho hakuna adui tena, kuna mgonjwa aliyepona.

Mchukulieni Maleficent. Kwenye katuni ya Sleeping Beauty ya mwaka 1959 anaingia ukumbini, mfalme anasherehekea kupata binti, yeye hakualikwa. Hapigi kelele. Anaongea kwa upole kabisa, na kwa upole huohuo anamlaani mtoto mchanga kwamba kabla jua halijazama siku anatimiza miaka 16 atachomwa na kijiti cha gurudumu la kusokotea nyuzi na atakufa. Sababu? Hakualikwa. Imeisha hiyo. Na ndiyo inayotisha, maana hakuna kipimo kinachoweza kulinganisha kosa na adhabu, huyu mtu anafanya kwa sababu anaweza na kwa sababu amedharauliwa mbele za watu.

Mwaka 2014 wakamtengenezea muvi yake, Angelina Jolie kaitendea haki sana, sina neno juu ya uigizaji. Lakini humo tunaambiwa Stefan, mwanaume aliyempenda tangu wakiwa wadogo, alimnywesha dawa akalala, akamkata mabawa ili aupate ufalme. Na mwisho wa siku busu la kumuamsha binti linatoka kwa Maleficent mwenyewe. Ni hadithi nzuri, inauma, ila adui wetu kaondoka, adui sasa ni Stefan. Yaani hata kwenye muvi inayobeba jina lake, ubaya wote amekabidhiwa mwanaume.

Cruella wa 101 Dalmatians naye ni hivyohivyo. Kwenye katuni ya 1961 anataka ngozi za watoto wa mbwa ashonee koti, mtu anayeona kiumbe hai anaona kitambaa. Kwenye muvi ya 2021 tunaonyeshwa mama aliyemlea anasukumwa na mbwa wa aina ileile, Dalmatian, anaanguka kwenye jabali anakufa. Jamani. Mtu hawezi kupenda koti kuliko uhai mpaka mbwa wamuue mama yake kwanza?

Ila anayeniuma kuliko wote ni Ratched wa One Flew Over the Cuckoo's Nest, nesi mkuu wa wodi ya wagonjwa wa akili. Riwaya ni ya 1962, muvi ni ya 1975, na Louise Fletcher alichukua Oscar kwa kumcheza. Huyu mama hainui sauti. Ana ratiba yake, vidonge vyake, na kikao cha kila siku ambapo wagonjwa wanaambiwa waongee kwa uhuru huku yeye anachagua nani aguswe wapi panapouma. Kuna kijana anaitwa Billy, ana kigugumizi. Asubuhi moja baada ya kulala na msichana kwa mara ya kwanza anaongea vizuri, maneno yananyooka, kila mtu pale wodini anafurahi. Ratched anamtajia mama yake tu. Anasema kinachomsikitisha ni mama mtu atalipokeaje. Kigugumizi kikarudi palepale, na muda si mrefu kijana kajiua. Hakuna risasi hapo, hakuna panga, ni sentensi moja iliyosemwa na mtu anayeonekana anajali.

Sasa 2020 ikatoka tamthilia nzima ya kutueleza Ratched alitoka wapi, na bila shaka tukapelekwa utotoni, walezi wakatili, mateso. Mimi niliiangalia kwa sababu nampenda Sarah Paulson, lakini kila nilivyozidi kumuelewa Ratched ndivyo alivyozidi kuwa mdogo. Ile hofu ya 1975 ilikuwa kwamba huyu ni mtu wa kawaida aliyepewa funguo za wodi, na angeweza kuwa yeyote.

Sisemi adui wa kike asiwe na historia. Historia ieleze alikotoka, lakini isisimame kama wakili wake mahakamani. Karibuni tuchangie.

#2

Mkuu umenikumbusha Umbridge wa Harry Potter, yule aliyeingia kitabu cha tano, 2003. Mimi nimesoma vitabu vyote saba na nakuambia Voldemort, adui mkuu mwenyewe, sikumchukia hata nusu ya huyo mama. Nguo zake za pinki, ofisi imejaa sahani za paka ukutani, kale kakikohozi kake ka kukatisha watu maneno, halafu anamkalisha mtoto aandike "sitasema uongo" kwa kalamu inayochana mkono wa mwandikaji na damu ndiyo wino. Na mtoto alikuwa anasema ukweli!!! Humo vitabuni hakuna sehemu tunaambiwa alionewa akiwa mdogo. Anapenda tu kuwa na cheo na anapenda kuona wengine wanaogopa.

#3

Mleta mada nimekusoma mpaka mwisho na nakupinga kwa heshima zote. Nasema kama mwanamke ninayesoma sana. Wewe unasema kidonda kinampunguza adui, mimi nasema kwa karne nyingi wanawake hawakuwa na nafasi ya kutaka ufalme, sheria yenyewe haikuwaruhusu, kwa hiyo njia pekee ya mwandishi kuwafikisha kwenye ubaya mkubwa ilikuwa kupitia walichofanyiwa. Mtoe Medea, yule wa tamthilia ya Kigiriki ya Euripides, kidonda, unabaki na nini? Ameacha nchi yake kwa ajili ya Jason, kamuua ndugu yake wa damu kwa ajili ya Jason, kamzalia watoto wawili wa kiume, halafu Jason anaenda kuoa binti wa mfalme wa Korintho na anamwambia eti nafanya kwa faida yenu wote. Huyo mwanamke ni mgeni, hana ndugu, hana pa kurudi, na mfalme anataka afukuzwe siku hiyohiyo. Hapo hasira sio kisingizio, hasira ndiyo hadithi yenyewe. Na ni ya mwaka 431 kabla ya Kristo, kwa hiyo usiseme ni mtindo wa siku hizi.

#4 Mleta mada

Dada asante, umeleta mfano niliokuwa nautamani mtu aulete, maana Medea ndiye ninayempima naye hawa wengine wote.

Kweli kidonda kipo na ni kikubwa. Lakini angalia Euripides anakifanyia nini. Anakimaliza mapema. Ile nusu ya kwanza tuko upande wa Medea kabisa, hata wale wanawake wa Korintho wanaoimba jukwaani wako upande wake, wanakubali kumtunzia siri. Halafu taratibu anaanza kutenda. Anamuomba mfalme siku moja tu, anapewa. Anamtumia bibi harusi vazi na taji vyenye sumu, binti anaungua akiwa hai, baba yake anamkumbatia naye anakufa hapohapo. Na baada ya hapo watoto.

Na kabla ya kuwaua watoto kuna hotuba moja ambayo mimi naiona ndiyo shule ya waandishi wote wa maadui. Anageuza uamuzi mara kadhaa. Anawaangalia macho, anasema siwezi, anasema nitawachukua niondoke nao, halafu anajikaza tena. Na anasema waziwazi kwamba anajua ubaya wa anachotaka kufanya, ila ghadhabu yake ina nguvu kuliko mawazo yake. Anajua! Hakuna kichaa hapo, hakuna aliyemlazimisha. Jason alimpa sababu ya kumchukia Jason, uamuzi wa watoto ni wa Medea peke yake na yeye mwenyewe anauchukua mkononi bila kumsingizia mtu.

Halafu mwisho wake. Haadhibiwi. Anatokea juu kwenye gari la babu yake, mungu jua, ana miili ya watoto, Jason yuko chini analia aruhusiwe hata kuwagusa, anamnyima. Na anaelekea wapi? Athens, ambako mfalme Aegeus alishamuahidi hifadhi. Sasa kumbuka tamthilia hii ilionyeshwa Athens. Watazamaji wamekaa pale wanaambiwa huyu mama anakuja mjini kwenu. Kwenye mashindano ya mwaka ule Euripides alitoka wa tatu kati ya watatu, na mimi sishangai kabisa.

Kwa hiyo dada tuko karibu kuliko unavyoona. Ninachokataa ni kidonda kinachomfutia mtu uamuzi. Maleficent wa 2014 amefanyiwa ukatili na tangu hapo hadithi inafanya kazi ya kumsafisha tu. Medea amefanyiwa ukatili na bado hadithi inamuuliza, na wewe je, umefanya nini.

#5

Mbona hata wanaume wanapewa visababu? Joker wa 2019, yule adui wa Batman, muvi nzima ni visababu. Ugonjwa, umaskini, mama, kupigwa mtaani. Nyie mnaongea kama ni wanawake tu.

#6 Mleta mada

Mkuu hilo la Joker ni kweli na halipingiki. Ila linganisha na Joker wa 2008, anasimulia makovu ya mdomoni yalitoka wapi, mara baba yake, baadaye anasimulia hadithi nyingine ni mke wake, na unagundua hakuna hata moja ya kuaminika. Kwa mwanaume milango yote miwili iko wazi, kuelezwa na kutoelezwa, mwandishi anachagua. Na nenda nyuma kabisa kwa Iago kwenye Othello ya Shakespeare. Mwanzoni anatupa sababu, amerukwa kwenye cheo, anahisi Othello alilala na mke wake, lakini ukizishika hazibebi uzito wa alichofanya, kumchochea Othello mpaka akamuua mke wake mwenyewe. Akishikwa mwisho anaulizwa kwa nini, anasema msiniulize chochote, mnachojua mnakijua, na toka hapo hafungui mdomo. Kwa mamia ya miaka watu wanabishana juu ya ukimya huo na ndio umemfanya aishi. Nitajieni mwanamke aliyeruhusiwa kunyamaza hivyo. Wapo, lakini utawatafuta.

Halafu aina ya kidonda nayo ni tofauti. Joker wa 2019 ameumizwa na mji mzima, na serikali, na mfumo. Mwanamke anaumizwa chumbani. Hata maumivu yake yanakuwa madogo, ya nyumbani, wakati ya mwenzake ni ya kisiasa.

#7

Naongezea kitu kuhusu Snow White maana wengi wanaijua ile ya katuni ya 1937 tu. Kwenye mkusanyiko wa kwanza wa ndugu wawili Grimm, 1812, yule malkia sio mama wa kambo. Ni mama mzazi. Ndiye aliyetamani mtoto mweupe kama theluji, akampata, halafu mtoto alipofika miaka saba kioo kikasema kamzidi mama yake uzuri, basi mama akaagiza mwindaji akamuue alete mapafu na ini. Akaletewa ya mnyama, akayapika kwa chumvi akayala akijua ni ya mwanawe. Toleo la 1819 wakabadilisha, mama mzazi akafa mwanzoni na akaingizwa mama wa kambo. Hansel na Gretel nao walifanyiwa hivyohivyo kwenye toleo la baadaye.

Nadhani hili linaingia kwenye hoja ya mleta mada japo kwa mlango wa nyuma. Mama mzazi mwenye wivu na mwanawe ilikuwa nzito mno kuiacha ndani ya nyumba za watu, wakatafuta mtu wa kumbebesha. Na mama wa kambo duniani kote mpaka leo anabeba mzigo huo kwa sababu wahariri wawili waliogopa kuacha sentensi kama ilivyo.

#8

#7 aisee hiyo ya ini na chumvi sikuijua, asante sana.

#9

Hamjamtaja Azula!! Yule wa Avatar: The Last Airbender, katuni ile iliyoisha 2008. Binti wa miaka 14 anauteka mji wa Ba Sing Se bila jeshi, mji ambao jenerali mzima, tena baba yake mdogo... hapana, kaka wa baba yake, aliuzingira siku 600 akashindwa. Yeye kaingia amevaa sare za adui, kaongea na walinzi wa siri, kawageuza upande wake, mji umeanguka. Na kidonda anacho, anaamini mama yake alimuona ni zimwi, lakini tunakijua taratibu sana na mwisho kabisa akiwa ameshaachwa na marafiki zake wawili ndipo anaanza kumuona mama kwenye kioo. Nililia siku ile. Na hata nikilia sikutaka ashinde, kwa sababu najua angechoma dunia. Hapo mwandishi kaniheshimu, kaniachia vyote viwili nivibebe.

#10

Mimi nina wasiwasi na uzi huu na naomba nisikilizwe. Mnasema mwanamke aachwe awe mbaya bila sababu. Sawa. Tuje kwa Amy wa Gone Girl, riwaya ya 2012. Anajitengenezea shajara ya uongo, anapanga kifo chake ili mume wake ashikwe, halafu mpango ukibadilika anamchinja mwanaume mwingine na kusema alimteka na kumbaka. Wanawake wanaosema ukweli kuhusu kubakwa tayari hawaaminiki. Hadithi kama hii inampa silaha kila anayetaka kusema "wanadanganya hao". Adui wa kiume akiwa mwongo hakuna mwanaume mtaani anayehukumiwa kwa ajili yake, adui wa kike akidanganya wanahukumiwa wote.

#11 Mleta mada

#10 hoja yako ni nzito na sitaipita juujuu. Ni kweli mhusika mmoja wa kike anabebeshwa jinsia nzima na mhusika mmoja wa kiume habebeshwi. Huo mzigo upo na mwandishi anayeandika kitu kama cha Amy anatakiwa ajue anacheza na moto wa watu wengine.

Lakini dawa yake mimi naiona ni kuwa nao wengi. Akiwepo Amy peke yake anageuka ushahidi. Wakiwepo Amy, Azula, Ratched, Umbridge, Bi Danvers, msimamizi wa nyumba kwenye riwaya ya Rebecca ya 1938, anayemsimamisha mke mpya dirishani na kumnong'oneza kwamba aruke tu hakuna anayemtaka, Annie Wilkes wa Misery aliyekuwa nesi na ana albamu ya vipande vya magazeti ya vifo alivyosababisha mwenyewe, hapo tena hakuna anayewakilisha wanawake, kila mmoja anajiwakilisha. Hakuna kinachowaunganisha Annie na Amy zaidi ya jinsia. Amy anapika mpango miezi kadhaa, Annie anapandwa na kitu ghafla anachukua shoka na kumkata mguu mwandishi aliyemfungia nyumbani kwake. Kwenye muvi ya 1990 walibadilisha wakaweka nyundo, Kathy Bates akachukua Oscar, na nakuambia ile nyundo niliisikia kwenye miguu yangu.

Na Amy ana kitu kimoja nampa heshima yake. Nusu ya kitabu tunasoma shajara yake tunamuonea huruma, mume mkali, mke mpweke anayeogopa, kile kidonda tunachokitegemea kabisa. Kumbe kidonda amekiandika yeye. Alijua tunakitaka akatutengenezea. Hilo lilinikalisha kitako.

#12

Na Lady Macbeth, mke wa Macbeth kwenye tamthilia ya Shakespeare, unamuweka wapi? Maana yeye ana kila kitu mnachobishania. Anataka madaraka, ila ya mume. Anaua kwa mkono wa mwingine. Na mwisho anachanganyikiwa, yaani Shakespeare mwenyewe alimuadhibu kwa kutamani.

#13 Mleta mada

Huyo ningemuandikia uzi wake peke yake, ila ngoja niseme kidogo.

Maandishi hayatuambii aliumizwa na nani. Barua ya mume inafika, anaisoma, na kabla hajamaliza kupumua ameshaamua mfalme Duncan afe. Anaita pepo wamuondolee uanamke wake na wamjaze ukatili toka utosini mpaka unyayoni. Macbeth anayumba, yeye anamsimamisha. Macbeth anarudi na visu vya damu mkononi, ameganda, anakataa kurudi chumbani, yeye anavichukua anavirudisha kwa mkono wake na anawapaka damu walinzi waliolala. Kwa hiyo #12 sikubali kwamba hakugusa. Na kabla ya hapo anasema kitu kimoja kwa haraka, kwamba angemuua Duncan mwenyewe kama mzee asingefanana na baba yake alivyolala. Mstari mmoja tu, hauelezewi, hakuna anayerudi kwake. Mimi huo mstari unanitosha kuliko saa nzima ya utoto wa mtu.

Kuhusu adhabu, Macbeth naye anaadhibiwa, kichwa chake kinaletwa jukwaani. Wote wawili wanalipa. Kinachonisumbua ni kwamba baada ya ile karamu anapotea, tunamkuta tena karibu na mwisho anatembea usingizini ananawa mikono isiyotakata, halafu kifo chake tunakisikia nyuma ya jukwaa kama taarifa. Hapo ndipo ningemdai Shakespeare, ningetaka kumuona katikati, siku zile mume ameshaacha kumshirikisha mauaji yake.

Sasa kuna sehemu anasema amewahi kunyonyesha na anajua utamu wa kumpenda mtoto anayenyonya. Tamthilia haisemi mtoto huyo yuko wapi. Muvi ya 2015 ya Fassbender na Cotillard ikachukua mwanya huo ikaanza na mazishi ya mtoto, hao wawili wamesimama wanamuaga. Picha ni nzuri, Cotillard anacheza vizuri mno. Lakini kuanzia dakika hiyo kila anachofanya kinasomeka kama huzuni ya mama aliyefiwa, na yule mwanamke aliyesoma barua akataka taji kwa sababu taji linatakika, hayupo tena. Mimi sini ile ya mazishi ningeikata yote, na barua ningeiweka ya kwanza.